Mpishi Asiyetoka Jikoni

Karema, 11 Mei 2024

Mama Agape,

Salaam nyingi. Nimefika salama, isipokuwa mgongo, huo umebaki kwenye mashimo ya njiani. Ulinikataza simu na mimi nimetii. Ni kweli ulivyosema: kwenye simu najibu "salama, nimekula," halafu nakata, na wewe hapo Litapunga mpaka upande kichuguu ndipo mtandao ushike. Basi hii barua nampa kondakta wa asubuhi aiache dukani Mpanda, na wao wataitafutia pikipiki ya kuja huko.

Dawa za kuogesha ng'ombe zimekwisha siku ya pili tu. Za minyoo bado, wafugaji wa huku wanabisha bei kama wanaoa. Lakini hiyo ni kazi, na najua wewe hutaki habari za kazi.

Unajua shida ya mtu anayesafiri peke yake ni meza. Ukikaa peke yako, mhudumu anakuuliza mwenzako anakuja saa ngapi. Ukisema huna mwenzako anakupa kiti cha karibu na ndoo ya kunawia. Ndiyo maana nina kile kidaftari unachokicheka. Majimoto nina mahali pa wali, unaweza kuula mtupu ukashiba na kusifu. Inyonga nina mahali pa mbuzi. Dodoma, kwenye semina ya mawakala, nilionjeshwa mvinyo wanaouita mkavu, nikamwuliza yule jamaa ukavu uko wapi na glasi imejaa. Hakucheka. Watu wa mvinyo hawana utani.

Sasa Karema nimepata pa kuzidi kote. Kuna mjane anaitwa Leticia, ana mgahawa wa meza nne kwenye njia ya kupanda misheni. Jikoni kuna pazia la kanga, huoni kitu. Nikaletewa kuhe wa kuchoma, samaki ametoka ziwani asubuhi ile, na pembeni, sikiliza vizuri, nsansa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga kama kwetu, huku kwa watu wa samaki! Na Leticia anatengeneza mvinyo wa rozela mwenyewe, mwekundu, una ukali kidogo mwishoni. Nilikunywa glasi mbili. Mchungaji asijue.

Kwenye ukingo wa sahani waliweka ukoko wa ugali umekunjwa, ndani umepakwa karanga. Niliuangalia muda mrefu. Nilimkumbuka mtoto wetu alivyokuwa akitoka kwa bibi yake na ukoko mkononi, mdomo wote karanga. Nikashindwa kuula mbele za watu, nikaufunga kwenye karatasi nikaulia chumbani.

Niliomba kumshukuru mpishi. Leticia akasema mpishi wake hatoki jikoni. Yeye mwenyewe ndiye alikaa mezani kwangu akiniuliza habari zako: jina lako, kama unalala vizuri, kama tumepata mtoto mwingine. Ni mdaku, lakini ana moyo mzuri.

Wako,
Nathanael


Litapunga, 20 Mei 2024

Baba Agape,

Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki na ya petroli. Mimi ni mzima. Kuku mweupe amelalia mayai tisa. Kaka Mwandu alikuja kuazima jembe la ng'ombe na hajalirudisha, kwa hiyo na yeye ni mzima.

Umenifurahisha na huo mvinyo mkavu. Lakini nataka kukuuliza na usiniulize kwa nini nauliza. Huyo mpishi ni mtu wa wapi? Wanamwitaje? Hizo karanga zimesagwa mashineni au zimetwangwa kwenye kinu? Na ukimwona, hata kwa mbali, angalia anashika mwiko kwa mkono gani.

Mwambie Leticia silali vizuri. Akiuliza tena, mwambie hivyo.

Minza


Karema, 15 Juni 2024

Mama Agape,

Maswali yako yamenitia kwenye aibu. Nimerudi huku jana. Karanga zinatwangwa. Ukikaa kimya mezani unasikia mchi: mapigo mawili, unatulia, mapigo mawili, unatulia. Mpishi hajulikani ni wa wapi. Wanamwita Bibi tu. Leticia anasema alifika mwaka juzi juu ya lori la mahindi, na kifurushi kimoja.

Basi nikajisemea, mimi nimekula hapa mara nne, nitaondokaje bila kumshukuru mtu? Leticia alipokwenda kuchukua chupa, nikafunua pazia. Mama mmoja mwembamba, yuko kwenye sufuria, mwiko uko mkono wa kushoto. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Minza, yule mama hakuitikia. Aliachia mwiko ukaanguka kwenye majivu, akavuta kanga akajifunika uso mzima, akatoka kwa mlango wa nyuma akainama nyuma ya ua wa nyasi. Aliinama kabisa, kama mtu anayejificha mvua ya mawe. Nikabaki nimesimama na shukrani yangu.

Leticia alinifokea. Akasema jikoni kwake mgeni haingii, hata awe askofu. Chakula kililetwa baadaye, kizuri vilevile, na ukoko ulikuwepo, lakini sikukifurahia. Nimekosa nini? Nimezoea kukaribishwa kila ninakokula, na huyu ananikimbia kama nimekuja kumkamata. Nilisikia anakohoa kule nyuma, kikohozi kirefu.

Sasa nijibu wewe. Kwa nini unataka kujua mkono wa mpishi wa Karema?

Nathanael


Litapunga, 24 Juni 2024

Baba Agape,

Kaa chini kwanza, na kama uko mezani kwa watu, ondoka.

Huyo ni mama yangu.

Hukumtambua kwa sababu hujawahi kumwangalia. Miaka yote ya ndoa yetu ukimkuta njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Yeye akisikia pikipiki yako anaingia ndani. Chakula chake ulikula kwenye sherehe, kimeletwa na watoto. Ndivyo tulivyolelewa, mkwe na mkwe hawaangaliani, na mimi nilijivunia mume mwenye adabu hiyo. Kwa hiyo usiseme alikudharau. Mama Nyanzala alikuona wewe ni mkwe wake umeingia jikoni, akafanya kilichompasa mtu mwenye heshima zake. Na Leticia siyo mdaku. Anauliza kwa niaba yake. Mama anapika, wewe unakula, na kila ukijibu habari zangu yeye yuko nyuma ya pazia anasikiliza.

Nilikuambia amehamia Kahama kwa mdogo wake. Nilikudanganya.

Agape alipokufa, wewe ulirudi kazini baada ya wiki tatu. Ulipaswa kurudi, sikulaumu. Mwandu akaleta mganga. Mganga akasema mtoto hakufa kwa degedege, ameliwa, na aliyemla ana macho mekundu na yuko karibu na jiko. Nani kwetu hakujua macho ya Mama yameharibiwa na moshi? Miaka arobaini anapikia watu kwenye harusi na misiba. Wakampa mpaka asubuhi awe ameondoka. Mwandu alisema, mama yake mwenyewe aliyemzaa, kwamba akimkuta hapo jua likitoka hatazuia mtu.

Alikuja mlangoni kwangu alfajiri. Hakupiga kelele. Aliniita jina langu, akasema, "Minza, na wewe unaamini?"

Sikufungua. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Ningetaka nikuambie nilimwogopa Mwandu, na ni kweli nilimwogopa. Lakini kuna jambo lingine na nimelibeba tangu siku ile. Niliamini, Nathanael. Mtoto wangu alikuwa chini ya udongo na mtu mmoja alikuwa amenipa sababu, nikaishika. Niliamini kama wiki mbili. Baadaye nilikuwa nafua nguo zako, nikakumbuka usiku Mama alivyombeba Agape kutoka kwangu mpaka zahanati kwa miguu, anakimbia, bibi mzima. Nikajua nimefanya nini. Sikuwa najua nimtafute wapi, na nilishukuru kutojua, kwa sababu ningemwambia nini?

Sasa unakula kwake. Sijui nifanye nini.

Minza


Karema, 9 Julai 2024

Mke wangu,

Nimekaa na barua yako siku kumi nikiwa nayo mfukoni Majimoto, Usevya, kote. Sikula vizuri popote.

Na mimi niseme langu. Nilisikia. Sikusikia yote, ila maneno yalikuwepo kilabuni, watu wananyamaza nikifika. Nikajiambia mambo ya ukweni hayachunguzwi na mkwe. Uliponiambia Kahama nikafurahi kuamini. Usijibebeshe mzigo huu peke yako.

Jana nimefika. Sikuingia mgahawani. Nilimweleza Leticia kila kitu, akasema alikuwa anajua tangu mara ya kwanza niliponawa mikono. Nilikaa nje ya ua wa nyasi, nimewapa mgongo. Mama alikaa ndani ya ua, na yeye alinipa mgongo, na Leticia akakaa kwenye upenyo akasoma barua yako kwa sauti. Alipofika pale uliposema uliamini, Leticia akaacha kusoma. Mama akamwambia, "Endelea, nilijua."

Baadaye Mama alinisalimia kupitia nyasi. Aliniuliza kama kuhe alikuwa na chumvi ya kutosha. Minza, nililia pale barabarani watu wakipita na ndoo zao.

Barua yake iko humu ndani. Basi linaondoka Mpanda asubuhi, kiti nimekukatia cha Jumamosi. Njoo.

Nathanael


Karema, 9 Julai 2024

Mwanangu Minza,

Anayeandika ni Leticia. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Mimi nipo. Watu wa huku ni wema. Wanasali sana na wanakula sana, na mtu anayekula hakuulizi macho yako yamekuwaje. Mume wako ana tumbo zuri. Anasifu chakula hata akiwa peke yake mezani, namsikia. Umeolewa vizuri.

Siku ile nilijua uko ndani. Nilisikia unapumua nyuma ya mlango. Sikuwa nimekuja kujificha kwako, nisingekutia kwenye hatari na kaka yako. Nilikuja kuuliza neno moja. Ungesema ndiyo, ningeondoka. Ungesema hapana, ningeondoka vilevile. Lakini ningeondoka nikijua. Nimekaa miaka hii yote sijui nimlilie binti aliyeniogopa au binti aliyenikataa, kwa sababu hao ni wawili, na kilio chao si kimoja.

Sasa karatasi imesema uliamini, kisha hukuamini. Leticia ameisoma vizuri. Lakini karatasi haina macho. Mimi nilikuuliza kwa mdomo, na wewe nijibu kwa mdomo, mbele yangu, hata kama jibu ni bovu. Sikukasirikii. Nataka kusikia tu.

Usichelewe sana. Kifua kinanibana, na daktari wa hapa anasema moshi umekaa humo siku nyingi.

Mimi mama yako,
Nyanzala


Litapunga, 28 Julai 2024

Mayu,

Shikamoo, mama. Najua ulisema nisijibu kwa karatasi. Hili siyo jibu, ni kukuomba unisubiri kidogo.

Kiti alichonikatia mume wangu kilipita bila mimi. Mwandu anaoa mke wa pili mwezi wa nane, na amenipa kazi yote ya unga na pombe. Nikiondoka sasa ataniuliza nakwenda wapi, na nyumba yetu iko kwenye ardhi yake. Nitamwambia nakwenda wapi? Sijui kumdanganya usoni, unanijua. Harusi ikiisha nitasema nakwenda Karema kununua dagaa, na hapo hakuna atakayeuliza.

Nimekutumia karanga debe moja na kitenge. Nitakuja, Mayu. Nimeapa.

Mwanao,
Minza


Karema, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu Minza,

Ni mimi Leticia, na leo maneno ni yangu.

Harusi ya kaka yako, kama nilivyosikia kwa shemeji Nathanael, ilikwisha wiki mbili zilizopita. Shemeji amepita hapa akielekea Sumbawanga, amekula nusu sahani akaniachia nusu, mtu yule! Anasema amekusihi mpaka amechoka, na wewe kila siku una kuku wa kuangalia.

Mama hapiki tena. Tangu Jumatano analala chumba cha nyuma, anakaa kwa mito kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Padri amekuja, ingawa mama siyo wetu, wameongea vizuri. Kila basi likipita anauliza nani ameshuka. Mimi nilizoea kusema, "Hakuna, Bibi, ni wauza dagaa." Jana nilishindwa kusema hivyo, nikamwambia basi limeharibika njiani.

Sikulaumu. Hata mimi nilimchelewesha mama yangu, wengi tumewachelewesha. Lakini karanga ulizotuma hajala hata moja. Amesema zisubiri zipikwe siku utakayokuja.

Panda basi.

Leticia


Karema, 7 Septemba 2024

Baba Agape,

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Mama amefariki, kisha nikakata. Yaliyobaki hayasemeki kwa simu, kwa hiyo nayaandika, na dereva wa lori la Sumbawanga ataniletea jibu lako kama hutakuwa umefika mwenyewe. Tunazika kesho mchana. Jumuiya ya Leticia imechimba kaburi bila kuuliza kabila wala dini. Mwandu nimemwambia. Nilipanda kichuguu asubuhi kabla ya kuondoka, nikampigia, nikamwambia nakwenda kwa mama yetu ambaye yuko hai, na kwamba hakumla mtu, na kama anataka nyumba yake aichukue. Nilidhani nitatetemeka na sikutetemeka. Ningeweza kufanya hivyo mwezi wa saba, Nathanael. Kilikuwa kitu cha dakika mbili.

Nilifika jana saa sita na nusu mchana. Leticia alinipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Mama amekuwa mdogo, mabega kama ya mtoto, lakini macho ni yale yale. Alinitambua. Usimsikilize mtu atakayekuambia hakunitambua. Alisema, "Minza, umeshuka." Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikasema, "Mayu, nimekuja kukujibu."

Akanizuia. Aliweka vidole kwenye mdomo wangu, vile alivyokuwa anafanya tukiwa wadogo tukiongea na chakula mdomoni. Akasema, "Umetoka mbali. Kula kwanza."

Nikasema sina njaa. Akasema tena, "Kula kwanza. Tutaongea."

Na wewe unajua ndivyo kwetu. Mtu aliyetoka safari hatoi habari na tumbo tupu, hata ziwe habari za kifo. Mama hajawahi kumruhusu mgeni avunje hilo, na mimi nilikuwa nimeshamvunjia mengi. Niliona nikibisha ni kumkosea tena. Nikasimama nikaenda jikoni.

Chakula kilikuwa tayari. Leticia alikuwa amekipika tangu asubuhi, Mama akimwelekeza kutoka kitandani kupitia ukuta: weka maji, punguza moto, sasa karanga. Alikuwa amesema nitakuja siku ile, Leticia akadhani ni homa inasema. Karanga hazikuwa zimetwangwa sawasawa, zilikuwa na vipande, lakini mkono ulikuwa wa Mama. Nsansa, ugali, na samaki mdogo. Nilikaa kwenye kigoda chake. Nilikula tonge la kwanza kwa kulazimisha. La pili likaenda lenyewe. Nathanael, nilikuwa na njaa. Sikuwa nimekula tangu jana yake, na chakula kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyokula tangu alipoondoka, na nilikula. Nilikula nikamaliza, nikafuta sahani kwa kidole. Nilimsikia akikohoa mara moja ng'ambo ya ukuta, nikasema moyoni, namaliza sasa hivi, nakuja.

Nilinawa mikono. Nilikunywa maji. Niliporudi chumbani alikuwa ameegemea mito yake ameelekea mlangoni, amenyamaza, na Leticia alikuwa anamshika kifundo cha mkono akitafuta mapigo. Aliniangalia akatikisa kichwa.

Niliingia nikakaa pale pale nilipokuwa nimepiga magoti. Nikamwambia. Nilimwambia ndiyo, Mayu, niliamini. Niliamini siku kumi na nne. Nikamwambia siku ya kumi na tano nilifanya nini, na nguo gani zilikuwa kwenye beseni, na jinsi nilivyolitupa lile beseni. Nikamwambia nilisikia miguu yake ikiondoka mlangoni, na kwamba niliihesabu mpaka ikaisha. Nikamwambia nimemaliza chakula chote. Ilichukua muda. Leticia alikuwa ameshaleta shuka jeupe la kumfunika, akasimama nalo mlangoni likiwa limekunjwa, akanisubiri nimalize.

Minza